Damu Niliyotoa kwa Jina Lako

Dada yangu Zaina,

Sikuandikii kukulilia. Nimelia mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu nina kinyaa, na hapa Biryogo sina wa kumtapikia haya ila wewe.

Unakumbuka daktari alivyotueleza, ile mimba ya zabibu, mimba isiyo na mtoto, ilipokuachia saratani? Alisema ugonjwa wenyewe unamwaga kitu kwenye damu. Baada ya kila duru ya sindano watakipima. Kikishuka, dawa imeukamata. Kikigoma, anakubadilishia dawa nyingine, kali zaidi, na anayo tayari. Shemeji alitikisa kichwa tu. Wewe ulielewa. Njiani kurudi kwako Remera uliniambia, basi angalau tutajua mapema.

Mapema! Duru ya tatu mishipa yako ilikuwa imekauka, mkono wa kushoto umevilia damu kwa kuchomwachomwa. Ulikaa kwenye benchi la maabara ukanisukumia karatasi yako.

"Nenda wewe. Mimi leo sichomwi tena."

Nilidhani unatania. Nami kwa ujinga wangu nikakunja mkono wa nguo. Nesi aliita jina lako bila kuinua macho, nikaitika. Akasema, "Leo mushipa iko muzuri, mama." Nilitoka pale najiona mtu mwema kweli. Hilo ndilo linanichefua kuliko yote.

Damu ikaenda Ulaya kwa ndege, jibu likarudi safi. Lisingekuwaje safi, na mimi ni mzima? Daktari alifurahi, akasema dawa inafanya kazi, tuendelee na hii hii. Shemeji akaleta kreti ya Fanta na brosheti, mishikaki ya mbuzi, majirani wakajaa uani. Nilikula, Zaina. Nilijilamba vidole huku nikijua ile karatasi ni yangu. Nawe ulikula, ukanikonyeza. Kumbe ulikuwa umeanza tena kutokwa damu, unaficha kanga kwenye ndoo chini ya kitanda. Duru iliyofuata ulinituma tena, na nikaenda tena.

Ulipoanza kukohoa damu wakakupima wewe mwenyewe. Daktari alisoma jibu, akavua miwani, akauliza imekuwaje. Wewe ukajifunika shuka, mimi nikainama kufunga kiatu. Alipotoka ulinishika mkono ule ule niliotolea damu.

"Usiseme, Hadija. Watakuchukia."

Dawa kali ikaja, lakini ilikukuta umeshaisha. Msibani watu wakanisifu eti sikukuacha hata siku moja ya vipimo. Nikazipokea hizo sifa, nikashukuru. Tangu hapo kila nikioga nausugua mkono huu penye kiwiko. Ni upuuzi, najua, lakini nausugua.

Wiki hii nimekutana na mama mmoja mwenye ugonjwa kama wako. Karatasi yake imerudi safi, lakini hana raha, hali wala halali. Daktari amemwonya asiiamini sana, kwamba alishawahi kuona mgonjwa jibu lake likiwa safi, kisha dawa ikamgeuka ghafla. Mgonjwa huyo ni wewe. Na dawa haikukugeuka, dada. Haikukufaa tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeficha.

Nilikutii ulipotaka damu yangu. Nikakutii uliponitaka ninyamaze. Kesho asubuhi nakwenda kukaa kwenye lile benchi mpaka daktari anipokee, nimwambie damu ile ilikuwa ya nani. Wakinichukia, wamechelewa, nimeshawatangulia.

Lala, dada. Safari hii sikutii.

Mdogo wako,
Hadija