Ratili Tatu za Simiyu

Jumamosi, 1 Machi 1958

Ruiru, ukumbini. Mhariri anataka makala: kati ya mboga za kopo na juisi ya nanasi, kipi kinamjenga mtoto zaidi. Swali zito. Vyote viwili vinatoka kiwanda kimoja, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kushindwa.

Bwana Hadley, mtaalamu wa chakula wa kiwanda, aliwachorea akina mama ubaoni. Juisi ina vitamini C zaidi. Karoti na njegere zina vitamini A, na anayezila hushiba upesi. Yote kweli. Hakuuliza tu watoto wenyewe wanakula nini kingine.

Kisha mashindano. Watoto wawili wa vibarua wake, wiki sita. Simiyu, mwana wa Nekoye, atakunywa juisi. Mumbi, binti wa Waceke, atakula mboga. Na uji wa mahindi, basi. Maziwa, mayai na maharagwe marufuku — yatavuruga hesabu! Mtoto atakayeongeza uzito zaidi, mama yake ataandikwa kazi ya kudumu.

Mama wote wawili walikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatatu, 3 Machi

Makala imetoka. Mhariri amekata sentensi moja — ile ya maziwa. Kando yake kuna tangazo la juisi, nusu ukurasa. Sadfa njema.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipita kwa Waceke, Makongeni. Mumbi alinichomoa kalamu mfukoni akaitafuna. Uani, kuku watatu walikuwa wanadona njegere za Bwana Hadley.

Nikauliza mtoto anakula nini basi.

— Mayai ya hao kuku, akasema Waceke. Na njahi za kupondwa, maharagwe yetu meusi, kama alivyonilea mama. Na ukiandika hayo, nitasema ulikuja hapa umelewa.

Sikuandika. Kisayansi, njegere zimemfikia mtoto. Zimezunguka kidogo tu.

Jumatano, 26 Machi

Ruiru, nyumba za vibarua. Nekoye yeye hadanganyi. Kwao ni upande wa Bungoma; hapa hana mama wala shangazi wa kumnong'oneza. Alimwachisha Simiyu ziwa Januari, mimba nyingine ilipoingia. Tangu hapo uji, na sasa uji na juisi. Anapima kikombe kama alivyoagizwa, hadi kwenye mstari.

Mtoto anakaa pale anapowekwa. Nilimpa kalamu, akaitazama ikianguka. Nywele zimeanza kuwa nyekundu, kama ndevu za mahindi. Lakini mashavu yamejaa. Majirani wanampongeza.

— Mama Simiyu, mwenzetu umezaa mzungu.

Nekoye akacheka. Anatamani sana kucheka, huyu mama.

Nikamwambia ampe maziwa, hata kidogo, hakuna atakayejua.

— Bwana Gazeti, unataka niandikwe kazi au nifukuzwe? Bwana alisema hapana. Zimebaki wiki mbili na kitu tu. Nikishaandikwa, nitanunua maziwa yangu kila siku.

Nilipitia zahanati, nikamweleza Omondi, dresa anayetibu wagonjwa hapo. Akasema Nekoye amletee mtoto kesho. Nilirudi kumwambia. Atampeleka baada ya mashindano kupimwa, akajibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa bado kwenye benchi ukumbini.

Mumbi ameongeza ratili moja na nusu. Simiyu tatu. Bwana Hadley ametangaza kuwa juisi imezishinda mboga mara mbili. Makofi. Waceke alikuwa anachekea kiganjani, mpaka Simiyu akapitishwa mbele yake. Hapo akaushusha mkono.

Omondi ndiye aliyesoma mizani. Alipomshusha mtoto akambonyeza kwa kidole juu ya wayo, akaachia. Shimo likabaki. Wote tuliokuwa karibu tuliliona — kama kopo lililobonyea, mojawapo ya yale wanayogawiwa vibarua kwa sababu hayauziki.

— Huu si mwili, ni maji, akaniambia polepole. Mtoto anakufa njaa akiwa amenona. Aende hospitali ya Thika leo.

Namwamini. Niliiona miguu kama hiyo mwaka wa hamsini na tano, katika vijiji walimofungiwa watu wakati wa Hali ya Hatari, na hapakuwa na mtu aliyeipigia makofi.

Omondi akaenda kumwambia Bwana Hadley. Bwana akamsikiliza kwa adabu. Bila shaka, akasema, mara tu baada ya picha. Picha kwanza, kisha Nekoye atie kidole gumba kwenye mkataba, kisha chai, kisha hospitali. Utaratibu mzuri. Isipokuwa basi la Thika liko nje sasa hivi, injini inanguruma.

Waceke amekwisha kumfunga Mumbi mgongoni. Amesimama mbele ya Nekoye na mikono wazi.

— Nipe huyo mtoto, dada. Mimi nimeshindwa, sina cha kungoja hapa. Wewe baki na karatasi yako. Mimi na Omondi tutampeleka.

Nekoye hamwachii. Kwenye picha wanataka mama na mtoto na kopo, wote watatu. Amevuta blanketi likafunika miguu.

Mpiga picha anamwambia atabasamu. Anatabasamu. Mkono wake mmoja umeshika kopo. Mwingine uko chini ya blanketi. Kutoka hapa naona kitambaa kikisogea, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Anasugua lile shimo lifutike.