Zumari Anashuka kwenye Treni

Jumatatu, 4 Machi
Kitabu cha pili kimetoka, na kimeanza kunitia aibu. Mhariri wangu – Mkasi, ndivyo tunavyomwita – kapiga simu asubuhi. Wasomaji wanalalamika. Cha kwanza kiliwakosesha usingizi, hiki kinawaletea usingizi! Wanamtaka Zumari yule yule, mwimbaji wa kikundi cha maonyesho enzi zile, mwongo, mwenye ulimi wa upanga, anayependa jukwaa kuliko watu. Nani kamgeuza mtawa? Kasema wazi: nikiendelea hivi, cha tatu hachapi.
Mkasi hajui kuwa Zumari ni mama yangu.

Jumatano, 6 Machi
Mama anakipenda! Kile cha kwanza kilimfanya aninunie mwaka mzima. Hiki analala nacho. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo namsomea kila jioni, na kila jioni anataka palepale: stesheni. Kikundi kinasafiri, Zumari keshapanda treni, anamwona binti yake mdogo analia pale chini. Anashuka. Anambeba. Treni inaondoka bila yeye.
Uongo mtupu. Mama hakushuka. Nililelewa na mama mkubwa, na sauti ya mama nilikuwa naisikia redioni kama watu wengine wote.
Niliandika vile ili asininunie tena. Basi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemsikia akimsimulia jirani kuwa alishuka! Kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anachambua mboga. Hata gauni la bluu kalitaja – gauni nililolibuni mimi, mezani kwangu. Nimebaki mlangoni na beseni la nguo. Niliyeachwa pale nikilia ni mimi, sio yeye.
Na sina wa kumlaumu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika chooni, kwenye ukumbi wa mkutano wangu na wasomaji.
Mama aling'ang'ania kuja. Kapaka wanja, kakaa mstari wa mbele, Mkasi pembeni yake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwalimu mmoja aliposimama. Kasema dibaji yangu inadai Zumari ametokana na mtu wa kweli. Sasa anauliza: huyo mtu alishuka kweli? Maana Zumari anayemjua yeye hashuki.
Nikisema hapana, namvua mama nguo mbele za watu. Nikisema ndiyo, uongo utakuwa umeshakuwa historia, na mimi ndiye shahidi. Nikaomba radhi kidogo, nikakimbilia huku.
Mlango unagongwa. Mama. Namjua kwa kikohozi.
"Fungua, mwanangu. Watu wanasubiri."
Kakohoa tena.
"Usiwaambie nilishuka."
Komeo liko mkononi, bado sijalivuta. Viatu vyake naviona chini ya mlango. Haondoki.