Chuma Chake Kimeyeyuka, Changu Kipo

Dada Mwanahawa, shikamoo. Kilwa Masoko joto kali.

Nimefikia kwa binamu yetu Saidi. Mimi daktari alinizibua mshipa wa moyo kwa kichuma cha kudumu. Yeye aliwekewa cha magnesiamu, kikayeyuka chenyewe, na huu mwaka wa nne mshipa uko wazi. Basi kila tukila pweza anajigamba: "Kifua changu kipo kama alivyoniumba Mungu!" Wivu umenikaba, hata pweza hapiti.

Leo tukipandisha kutoka gatini akasimama ghafla, mkono kifuani, hadi kichomi kikampita.

"Bora wewe, Hamisi. Ukishikwa na kichomi unajua kichuma chako kipo. Mimi nina nini mle?"

Mungu akutunze, dada, na mimi anisamehe: mchana pweza nilimmaliza peke yangu.

Mdogo wako, Hamisi