Chumvi na Shaba Juu ya Fuawe

Mjukuu wangu Zaituni,

Amani ya Mola ikufikie huko Dar es Salaam. Hapa Buyenzi tu wazima, na bibi yako hukuombea kila baada ya swala.

Umeuliza kama nilijua, nilipokuwa fundi, kwa nini chumvi huvunjika na shaba hutandazika. Sikujua. Katika ujana wangu, baba yangu, mfua masufuria, aliweka bonge la chumvi juu ya fuawe, chuma cha kufulia, akaniambia, "Piga." Likasambaratika.

"Ee, we! Mama yako atapikia nini leo?"

Mafundi wenzake wakacheka. Baba akaweka shaba, nikapiga, ikatandazika.

"Eleza sababu, nikupe nyundo yangu."

Niliitamani mno nyundo ile, na uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Mi sijui, baba."

Akanikabidhi nyundo. "Muongo angeniharibia kazi."

Sasa barua yako imenieleza. Katika chumvi, atomu ya sodiamu huipa ya klorini elektroni moja. Zote mbili huwa ioni, yaani atomu zenye chaji, moja chanya, moja hasi, zikavutana. Pigo likizisogeza, zenye chaji sawa hukabiliana, husukumana, na chumvi hupasuka. Katika shaba, elektroni za nje ni za atomu zote kwa pamoja, hutembea huru, hivyo atomu huteleza bila kuachana.

Niliwasomea wazee wenzangu barazani. Mmoja akauliza ni mwalimu gani aliyenifundisha hayo uzeeni.

Nikamjibu, "Ana miaka kumi na tisa, na nilimbeba mgongoni."

Babu yako,
Mzee Ramadhani