Taa Iliyowaka Kijani Barazani Kwangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Manyoni. Jumatatu, tarehe 16 Juni 1958, saa 3.20 asubuhi.

Jina: Dorika binti Mughwai, mke wa Petro Mkumbo.
Umri: miaka 22. Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo.
Elimu: darasa la nne, shule ya misheni.
Kazi: mkulima wa bustani, na kazi za nyumbani.
Makazi: nyumba za watumishi wa reli, mstari wa chini, nyumba ya mwisho.
Mwandishi: Sajini Antipasi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja na mtoto wangu Selina wa miezi minane kwa sababu sina wa kumwachia. Akilia nitanyamaza nimnyonyeshe, kisha nitaendelea.

Nimekuja kwa habari ya Naftali, mwonyesha taa wa stesheni, anayempa dereva wa treni ishara kwa taa, ambaye mmemfungia humu tangu Alhamisi. Anadaiwa kumwonyesha dereva taa ya kijani hali mwenzake Bonifasi yuko katikati ya mabehewa. Naftali hakuonyesha kijani. Ile kijani ilikuwa yangu.

Hapo Sajini aliweka kalamu chini. Aliniambia silazimiki kusema neno la kunitia hatiani, na nikisema litaandikwa. Nimeelewa. Naomba liandikwe.

Mume wangu Petro naye ni mwonyesha taa. Tarehe 7 Juni alipelekwa Itigi kushika nafasi ya mgonjwa, na huko alipewa taa nyingine. Taa yake mwenyewe aliiacha nyumbani, kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba. Atarudi kesho. Hajui chochote katika haya ninayosema.

Jumatatu tarehe 9 gari la sinema lilikuja likasimama uwanja wa mpira. Saa moja na nusu jioni walianza kutuonyesha kilimo cha pamba, kisha namna ya kunawa mikono. Baadaye wakaweka sinema ya watu wawili waliopanda mwezini ndani ya chombo cha chuma, mmoja nahodha na mwingine mnene, msaidizi wake. Kule mwezini kulikuwa na pango lenye mlango wa chuma uliokuwa ukitii taa. Nahodha akionyesha kijani mlango unafunguka, akionyesha nyekundu unafungwa. Picha yenyewe haikuwa na rangi, ni nyeusi na nyeupe tupu. Habari ya kijani na nyekundu tuliambiwa na bwana wa sinema kwenye kipaza sauti. Mwisho nahodha anatoka pangoni, anageuka ili amfungulie mwenzake, anaizungusha taa, mlango unafunguka kidogo halafu unafungwa. Yule mnene anabaki ndani. Chombo kinaondoka na mtu mmoja, naye analia.

Watu walirudi makwao wanabishana. Jumanne sinema ikaonyeshwa tena, na sisi tukaenda tena, safari hii kwa kuhesabu nahodha anaizungusha taa mara ngapi.

Mimi sina kawaida ya kukaa baraza za watu. Nikimaliza bustani kuna maji, nikimaliza maji kuna nguo, na huyu mtoto tangu ameanza kuota meno hajanipa usingizi wa kushiba. Lakini Jumatano tarehe 11, saa nne asubuhi, nilipeleka gauni kwa Idrissa, fundi cherehani karibu na soko, nikakuta maneno ya sinema yamepamba moto. Alikuwapo Luciana, jirani yangu anayeuza maandazi, na Stefano, karani wa duka la nguo. Nilisimama nisikilize kidogo, nikakaa.

Idrissa alikuwa anasema, "Zile nguo za mwezini ni turubai. Mshono nimeuona kwa macho yangu, na fundi wake alikuwa na haraka."

Stefano akasema, "Na lile jitu lao la mwezini limevaa viatu vya mvua. Lilipoanguka soli ilionekana."

Luciana akasema ile kofia ya kioo ya nahodha ni chupa ya pipi ya dukani iliyopinduliwa, na kama hawaamini waende wamuulize mwenye duka chupa yake ilikuwa wapi mwaka jana. Tulicheka.

Lakini jambo la mlango halikuwa la kucheka. Idrissa alisema nahodha ni mwuaji, alimfungia mwenzake makusudi ili sifa ziwe zake peke yake. "Ameizungusha taa mara mbili. Mara mbili! Mtu hakosei mara mbili." Stefano akakubaliana naye.

Mimi nikasema, "Hakukusudia. Ile taa naijua. Ni taa ya reli."

Idrissa akanitazama juu ya miwani. "Shemeji, reli imefika mwezini?"

Luciana akajibu kwa niaba yangu, "Imefika Kigoma tu. Lakini mwacheni mama Selina aseme."

Nikawaeleza. Taa ya mume wangu ina kioo kimoja mbele, na kichwani ina kishikio. Ukizungusha mara moja kwenda kulia, nyeupe inakuwa kijani. Mara ya pili inakuwa nyekundu. Kwa hiyo mtu anayetaka kijani, mkono ukipitiliza hatua moja tu, anapata nyekundu. Na nahodha alikuwa amevaa glavu nene kama mito ya kulalia. Kidole ndani ya glavu hakisikii pa kusimama. Alitaka kufungua, mkono ukapitiliza, mlango ukafungwa. Yule hakuwa mwuaji, ni mtu aliyekosea, na alilia kweli.

Wote walinyamaza. Sajini, nitasema ukweli kwa sababu ndio ulionileta. Tangu niolewe sijawahi kusema jambo watu watatu wakanyamaza wakilifikiri. Niliona raha. Stefano aliposema, "Maneno matupu, tuonyeshe hiyo taa," nilijibu palepale waje jioni.

Walikuja siku hiyohiyo, saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua lilikuwa limezama na giza linaanza. Nilimfunga Selina mgongoni, nikatoa taa kwenye msumari, nikaiwasha. Najua haitakiwi mtu mwingine kuigusa. Nilijua pia jambo kubwa kuliko hilo, nalo naomba liandikwe vizuri. Watu wa reli hawageuzi taa ikiwa imetazama njia. Mtu anaielekeza kwanza tumboni kwake, anageuza, anachungulia rangi, ndipo anaiinua. Petro alinifundisha hivyo wiki ya kwanza ya ndoa yetu, kwa mchezo, taa ikiwa imezimwa, akanirudisha nyuma kila nilipokosea mpaka nikaweza. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Idrissa alijifanya mlango. Alisimama uani, upande wa reli, mikono ameikunja kifuani. Akasema kwa kijani ataifungua, kwa nyekundu ataikunja. Stefano na Luciana walikaa barazani. Mimi nilisimama mbele yao, taa imemwelekea Idrissa. Nyuma ya Idrissa, kama hatua hamsini, ni njia ya pembeni ambako hupangwa mabehewa ya mizigo. Injini ilikuwapo. Niliisikia. Mtu anayekaa kule anaisikia kutwa, haiwi habari tena.

Mara ya kwanza nilizungusha kwa mkono mtupu, kijani, nyekundu, bila shida. Stefano akasema hiyo si haki, nahodha alikuwa na glavu. Basi nikaingia ndani nikachukua soksi za Petro za kazini, nikavaa mbili kwenye mkono mmoja. Walicheka mpaka Luciana akashika mbavu. Nikazungusha. Soksi ziliteleza, kishikio kikakwama, taa ikabaki kijani. Idrissa akafungua mikono yote miwili akapaza sauti, "Mlango huu wazi! Mnene, pita upesi!"

Tulicheka sana. Injini ikapiga filimbi fupi, na mimi bado nacheka. Nikasikia mabehewa yanagongana, halafu sauti ya mtu. Sikuijua kuwa ni ya Bonifasi. Haikuwa sauti ya mtu ninayemjua.

Niliizima taa. Huo ndio ukweli. Kabla sijauliza kuna nini, kabla sijakimbia kama watu wengine walivyokimbia, niliizima. Selina alishtuka akalia mgongoni. Luciana akasema kwa sauti ya chini, "Mama Selina, rudisha taa msumarini." Idrissa alisema, "Sisi tulikuwa tunaongea sinema tu." Akarudia tena hivyohivyo, akaondoka na Stefano kwa njia ya nyuma. Hawajarudi kwangu. Siwalaumu. Walioalikwa ni wao, mwalikaji ni mimi, na mkono ni wangu.

Usiku ule nilisikia kwamba Bonifasi alikuwa anaunganisha mabehewa, na vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimekwenda. Alipelekwa hospitali kwa treni. Dereva alisema aliona kijani kwa macho yake. Naftali alisema taa yake aliielekeza tumboni muda wote, hajaiinua. Kwa dereva, pale aliposimama Naftali na baraza langu ni mstari mmoja. Hakuna aliyefikiria baraza. Alhamisi asubuhi Naftali akachukuliwa.

Sajini ameniuliza kwa nini nimekaa siku nne. Nilijiambia watamwachia wenyewe, kwa kuwa hana kosa. Nilijiambia Petro atafukuzwa kazi na tutaondolewa kwenye nyumba, na huyu mtoto ana kikohozi. Nilijiambia nimngoje Petro aamue. Haya yote niliyasema moyoni nikiwa nafua zile soksi. Nilizifua mara tatu na hazikuwa na uchafu.

Rahabu, mke wa Naftali, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni mkubwa kwangu, namwamkia shikamoo. Nilipojifungua ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto. Tangu Alhamisi amekuwa akija kwangu kila jioni akitoka kumletea mumewe chakula hapa. Anasema kwangu ndiko anakopumua, kwa sababu wengine wanamtazama kwa jicho la kumhukumu. Nilimpa uji. Nilimwambia, "Mungu yupo, dada." Nilimwambia hivyo, na taa iko nyuma ya mlango aliouegemea.

Jana Jumapili, saa nane mchana baada ya ibada, alikuja na bakuli la Naftali. Ugali ulikuwa haujaguswa. Akakaa chini, akasema, "Mdogo wangu, leo amenitisha. Ameanza kusema labda kweli aliinua. Anasema mkono wake umemdanganya. Ameniagiza niende kwa mke wa Bonifasi nikamwombee msamaha."

Nilimuuliza, "Na wewe unasemaje?"

Akasema, "Mimi nilikuwa namwamini. Sasa hata mwenyewe hajiamini, nimwamini nani?"

Hapo nilishindwa kumtazama. Nilijifanya namvalisha mtoto. Nimekuwa naona aibu tangu Jumatano, Sajini, lakini ilikuwa aibu ya kuogopa kujulikana. Jana ilikuwa nyingine. Mtu amekaa kwenye chumba cha giza anakipekua kichwa chake akitafuta kosa, na kosa lenyewe halimo humo, liko kwangu. Na kesho atasimama mbele ya hakimu aseme ndiyo.

Leo asubuhi nimeamka, nimemwosha mtoto, nimekuja. Taa hii hapa nimeileta ndani ya kanga. Ina namba ya reli chini, iangalieni. Kishikio bado kinakwama, jaribuni wenyewe. Stefano, Idrissa na Luciana mnaweza kuwaita. Watasema au hawatasema, hayo ni yao.

Sajini ameuliza kama ninataka kungoja mume wangu afike kwanza kabla ya kutia sahihi. Hapana. Petro ni mtu mwema na ataumia, na pengine atanitolea maneno ambayo sitayasahau. Lakini akifika ataniomba tufikiri, nami nitakubali, na tukifikiri sana kesho itapita.

Nina ombi moja. Bwana Sajini amesema atamtuma askari kwa Rahabu ampe habari. Naomba asitumwe. Naomba niende mimi. Asije akaipokea kwa mtu mwenye kofia na vifungo, halafu akakimbilia kwangu kuniambia habari njema. Nitamwambia mwenyewe, nimekaa chini mbele yake. Akitaka kunitemea mate nitakuwa karibu.

Sina zaidi, na nililosema silirudishi nyuma. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyasikia, ni ya kwangu.

(Sahihi) Dorika Mughwai

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyosema, bila kumshurutisha. Nilimwonya mapema naye akaendelea kwa hiari. Ametia sahihi kwa mkono wake. Taa moja ya reli imepokelewa na kuandikishwa. Nimeijaribu: kishikio kinakwama kwenye kijani. Taarifa imepelekwa kwa Bwana Inspekta ili shauri la Naftali lisimamishwe.

Naftali nilimweleza mwenyewe saa 5.10. Aliniomba nirudie. Nilirudia. Kisha akaomba chakula.

Ombi la shahidi limekubaliwa. Ametoka kituoni saa 5.25 kwa miguu, mtoto mgongoni, na Konstebo mmoja akimfuata kwa mbali. Konstebo ameripoti kwamba mlango wa Rahabu ulifunguliwa, shahidi akaingia, na mlango ukafungwa. Hakusikia kelele. Baada ya kitambo Rahabu alitoka peke yake, amembeba mtoto wa shahidi, akakaa naye kizingitini akimtikisa alale, na machozi yanamtoka. Konstebo hakuona sababu ya kusogea.

Antipasi, Sajini.