Usiiwashe Kabla Hujaisoma Hii

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na marahaba yako uipokee, ingawa shikamoo yenyewe hujanitumia tangu tumzike Dada. Natumai mgongo umekuachia na kwamba baridi ya mwaka huu haikukupanda kifuani. Mimi nipo. Naona, natembea, nakula. Shemeji yako anajikongoja kwa fimbo, na angekusalimu kama angejua nakuandikia. Watoto hawajambo, huja wanapotaka kitu, na siku hizi hawataki kitu.

Sasa jambo lenyewe. Kama kompyuta yako imezimwa, nakuomba kwa titi tulilonyonya sote watatu, iache hivyo hivyo. Usiiwashe hata kutazama saa. Nitakueleza sababu, na nitajitahidi kwenda kwa mpangilio, ijapokuwa akili inataka kukimbilia mwisho.

Unalijua Kapu, ulilokuwa ukiliita wazimu wangu wa uzeeni. Nilipostaafu pale kiwandani kwa wapiga chapa, baada ya maisha mazima ya kusahihisha makosa ya wengine, nilitafuta mahali pa kuweka maneno yetu wenyewe. Nikaanza na blogu za bure. Nilikuwa kama mpangaji: kila nyumba ina mwenye nyumba wake. Moja ilitundika tangazo la dawa ya kupunguza kitambi chini ya habari ya kifo cha Baba. Nyingine ikafungwa, tukapewa ilani ya kuhama. Dada akasema hata kuku mwenye vifaranga hahami namna ile. Ndipo nikajifunza kutengeneza programu yangu mwenyewe, ndogo, inayokaa ndani ya kompyuta ya kila mmoja wetu, vitufe vyake vyote kwa Kiswahili. Nikaiita Kapu, kwa kuwa kila mtu angetia chake na mwenzake angekikuta. Sijapata kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile. Nilishinda asubuhi nzima nikibishana na nafsi yangu kama kitufe kiandikwe Tuma au Peleka.

Dada ndiye aliyelijaza. Vidole vyake vilikuwa vimeshapinda, kwa hiyo nikamwekea kitufe cha kurekodi, akawa anazungumza tu. Wewe na mimi tulipokimbia kutoka kwetu tulikuwa na akili za watoto. Yeye alikuwa mtu mzima na alikuwa ameyaona yote. Alisimulia jinsi Baba alivyokohoa kwenye kona ya kichochoro makusudi, ili tumsikie na tufiche upuuzi wetu kabla hajaingia. Alituigizia matusi ambayo Mama alimtukana mbuzi wa jirani, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile ya Mama. Hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki anayeijua sauti ile.

Alikuwa na lawama moja tu. Kila alipobonyeza kitu, programu ilimuuliza: Una uhakika? Akanipigia simu kunigombeza, eti mashine yangu inamhoji kama polisi wa mpakani, na maswali ya mpakani alishayajibu ya kutosha. Nikacheka, nikaliondoa swali lile. Nawe ulipolalamika kwamba unasahau kulifungua Kapu, nikakuwekea lijifungue lenyewe kila unapowasha kompyuta, lichungulie ghala letu la pamoja huko kwenye intaneti, na kujilinganisha nalo. Kilichoko ghalani kiwe kwako. Kisichoko ghalani kisiwe kwako. Nilijiona fundi.

Kisha Dada akafariki, nami nikaweka tangazo Kapuni kabla sijakupigia simu. Ukausoma msiba wa dada yako kwenye kioo, peke yako, na chai mkononi. Uliniambia siku ile kwamba msiba husemwa kwa mdomo, na kwamba mimi nimegeuka waya. Tangu hapo simu zangu hupokei, na kompyuta yako hujaiwasha. Najua, maana Kapu huniandikia kila anayeingia. Ulinuna, na ulikuwa na haki. Leo nakuomba uendelee kununa, maana kununa kwako ndiko kulikobaki kati yetu na hasara kuu.

Kapu limefutwa, ndugu yangu. Kwangu hakuna kitu, na ghalani hakuna kitu, maana kinachofutwa kwangu hufutika na huko; kompyuta ya Dada nayo tulishaigawa ikiwa tupu. Nakala ya akiba nilikuwa nayo kwenye diski ya pembeni, nami mwenyewe nilikuwa nimeitoa siku chache kabla ili nipate nafasi. Nilikuwa nazisafisha sauti za Dada, naondoa mngurumo wa friji yake na kikohozi chake, nikakusudia kuweka akiba upya kazi ikiisha. Sauti yake sasa imo ndani ya mashine yako peke yake, pamoja na friji, pamoja na kikohozi. Ukiiwasha ikiwa imeunganishwa, Kapu litachungulia ghalani, likute patupu, na kwa utiifu niliolifundisha lifute na kwako. Halitakuuliza kama una uhakika.

Kwa hiyo fanya hivi. Kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa, kichomoe ukutani kabisa, vitaa vizimike. Hapo ndipo uwashe. Kapu litalalamika kwamba halioni ghala, liache lilalamike. Nenda kwenye folda yenye jina lake, inakili yote kwenye flashi, kisha inakili tena kwenye flashi ya pili. Usimpe fundi wa mtaani. Fundi atakuambia mzee tulia, na jambo lake la kwanza litakuwa kuunganisha intaneti.

Utauliza nani kafuta. Siku ile nilikuwa nimekwenda kuchemsha maji. Niliporudi, shemeji yako alikuwa ameketi kwenye kiti changu, fimbo imeegemea meza, kitambaa cha vumbi mkononi, na kwenye kioo orodha nyeupe haina hata mstari. Nilimuuliza amefanya nini. Akajibu, bila kunitazama, kwamba pameandikwa Futa, basi amefuta.

Nilimwamini. Nilikaa chini nikajilaumu mimi msahihishaji, niliyepima Futa na Ondoa juma zima nikachagua neno ambalo mtu mwenye kitambaa anaweza kulitii. Kwa siku kadhaa nilikuwa namwambia kila anayepita kosa ni la neno. Hata nesi, jirani yetu wa ghorofa ya chini, nilimweleza. Alinisikiliza akiwa mlangoni na mfuko wake wa kazini, akaniuliza kama hiyo mashine inanipikia.

Juzi shemeji yako alichoka kunisikia. Alinikatiza katikati ya sentensi. Alisema nimwache na kitambaa chake. Alisema ameshika dasta maisha yake yote mbele ya watoto wa watu, amefuta ubao asubuhi na jioni, na kwamba kama kuna mtu nyumba hii anayejua kufuta ni nini, ni yeye mwalimu. Alikusudia. Dada, wifi yake, alisema yeye alimpenda akiwa hai na alimwosha kwa mikono yake alipokufa. Lakini mwaka mzima marehemu amekuwa akiongea sebuleni na yeye aliye hai anaambiwa anyamaze, sauti inarekebishwa.

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nimefungua mdomo niyatoe. Kisha akanitajia siku aliyoanguka.

Ulisikia kwamba aliteleza jikoni, nyonga ikapata ufa, na kwamba nesi ndiye aliyemkuta alipopita kurudisha sufuria. Ulisikia kwamba nilikuwa na hedifoni masikioni sikusikia kitu. Ukoo mzima unaijua habari hiyo, na nesi aliwaambia hivyo hospitalini. Shemeji yako aliwaacha waamini, hakunisahihisha hata neno.

Nilisikia, mdogo wangu. Aliniita mara ya kwanza nikamsikia. Aliniita Mzee, Mzee njoo, nimeanguka. Na mimi nikamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeitwa mezani: naja, nahifadhi kwanza. Dada alikuwa katikati ya kicheko, na kama ningemkatiza pale ningeanza upya. Nikarudisha hedifoni. Nikahifadhi. Kikaja kicheko kingine. Sikumbuki kwamba nilisahau. Nakumbuka kwamba niliahirisha.

Basi hapo nilipo ndipo pabaya. Najua wewe na shemeji yako mnazungumza. Najua huwa unampigia nikiwa nimetoka, na yeye hunidanganya eti ni wakala wa bima. Sijapata kuona bima inayochekesha kiasi kile. Simu yako ni ya vitufe na umenifungia. Kukutumia barua pepe ni kukuita uje uwashe kitu ninachokusihi usikiwashe. Yeye akinyanyua simu sasa hivi, kabla sijamaliza mstari huu, Dada amepona. Yumo chumba cha pili, nasikia fimbo yake.

Sijamwomba. Kila ninapoinuka naona nitakavyosimama mlangoni, na neno la kwanza tangu aniambie yale litakuwa kumtuma akamwokoe Dada. Mara ya kwanza nilimchagua aliye kwenye mashine, nikamwacha aliye sakafuni. Siwezi kumfanya anisaidie kuchagua hivyo mara ya pili. Kwa hiyo nimechukua karatasi, nikijua posta inavyokwenda, nikijua pia kwamba ni mwisho wa mwaka, na kwamba moyo wako si wa kununa daima. Huenda umeshainama, umeshabonyeza, kwa kuwa umetukumbuka.

Kama bado, nimekwisha kukuonyesha la kufanya. Na ukishanakili, kaa nazo. Usinitumie mpaka yeye aseme nitumiwe. Na kama umeshawasha ukakuta patupu, hakuna haja ya kuniambia. Mpigie yeye. Muulize nyonga inaendeleaje, umsikilize mpaka amalize, na umwambie kwamba humdai chochote. Mimi bado sijapata kulisema hilo, na lazima alisikie kwa mmoja wetu.

Nisalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mgongo uukande kwa maji ya moto, usibebe ndoo. Naifunga barua nikaiposti mwenyewe, kisha nirudi, nikapite chumba cha pili.

Ni mimi kaka yako,
Kalamu