Vibandiko vya Wodi ya Watoto

S.L.P. 614,
Malindi.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Nasiba,

Shikamoo. U hali gani huko Maskati, na lile goti limepoa? Huku nyumbani wote wazima, alhamdulillahi, ila mimi moyo hauna raha, na kwa simu nisingeweza kukueleza bila kulia.

Unajua tangu Julai nimo hospitalini, najifunza ufundi wa mashine za matibabu. Jumanne mkuu wangu, Bwana Kambi, alinituma wodi ya watoto nikapime inkubeta nne, zile za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Nilipokwisha kupima mbili, akanipigia simu niende upesi chumba cha upasuaji. Nikamwambia bado mbili.

"Bandika tu kuwa zimepimwa, Sumeiya. Kesho tutazirudia."

Nikabandika. Kesho yake hatukurudi.

Alhamisi asubuhi nesi Mumbua alimgusa mwana wa mama mmoja aitwaye Kahonzi, binti wa siku sita, akamkuta anawaka. Mashine ilionyesha thelathini na tano, na ndani joto limepita arobaini! Akamtoa mbio. Mtoto yu hai na ananyonya, lakini madaktari bado wanamwangalia.

Bwana Kambi alipoulizwa, alisema hajui nani alibandika, kisha akanitazama. Kibandiko hakina jina, Shangazi. Ningeweza kunyamaza. Nikasema ni mimi, na sikuipima.

Wamenisimamisha. Chuo kitanisikiliza Jumatano, na huenda nikafukuzwa. Baba hajui, juzi na jana nilivaa nikatoka kama ninayekwenda kazini.

Jana nilimwendea Kahonzi wodini, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunitukana. Akaniuliza, "Mbili hukupima. Na hiyo nyingine?"

Wallahi, Shangazi, kwa wakubwa wa hospitali sikuwa nimeitaja ile inkubeta ya pili. Nilijiona mkweli kumbe nimekiri nusu, na ndani yake mlikuwa na mtoto. Nilikimbia nikamwita Mumbua, tukamtoa, tukapima. Ilikuwa sawa.

Leo jioni nitamwambia Baba. Jumatano nitasema habari ya zote mbili, na maneno ya Bwana Kambi pia, kama yalivyokuwa.

Nisalimie Ami Abdulkadir na Zuhair. Mola akuhifadhi na akuponye. Muombee yule mtoto kwanza, kisha mimi.

Mwanao akupendaye,
Sumeiya